Sura ya Tano: Mwenye Tovuti ni Nani?

Kuna swali ambalo watu hawachoki kuliuliza, iwe kwenye semina, ndani ya daladala au kwenye foleni ya zahanati: "Mbona hiyo tovuti ina daktari kabisa, ina namba za utafiti na video juu? Nitajuaje kama ni uongo?" Anayeuliza hivyo si mjinga. Mara nyingi ni mtu aliyejitahidi kutafuta mwenyewe badala ya kungoja kuambiwa, na alichokikuta kimepangwa vizuri kuliko tovuti ya wizara. Ndiyo maana ule wosia wa kila siku, "usiamini kila unachosoma mtandaoni", haumsaidii. Hakuna mtu anayeamini kila kitu. Kazi ni kujua uamini lipi na uache lipi, tena ukiwa na simu ya kawaida na bando linaloelekea ukingoni.

Maneno mawili yatajirudia katika sura hii. Nadharia ya njama ni maelezo yanayodai kwamba jambo kubwa limepangwa kwa siri na watu wenye nguvu, na kwamba ukweli unafichwa. Sayansi bandia ni madai yanayojipamba kwa koti jeupe, grafu na maneno ya Kilatini, lakini hayakubali kupimwa, au yalishapimwa yakaanguka na mwenyewe hataki kusikia. Mawili haya hupenda kutembea pamoja: sayansi bandia inakuuzia dawa, nadharia ya njama inakueleza kwa nini hospitali haina dawa hiyo.

Badala ya kutoa kanuni hewani, tuchukue kisa kimoja cha Afrika Mashariki tukifuate hatua kwa hatua.

Chanjo ya pepopunda, Kenya 2014

Pepopunda husababishwa na bakteria wanaoishi kwenye udongo na kinyesi cha wanyama. Kwa mtoto mchanga huingia kupitia kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu au kupakwa kitu kisicho safi. Mtoto aliyezaliwa mzima, siku chache baadaye anashindwa kunyonya, taya zinakaza, mwili unapinda kama upinde. Wasiopata matibabu karibu wote hufa. Mama aliyechanjwa humpa mtoto kinga akiwa bado tumboni, na hiyo ndiyo sababu kampeni za chanjo hii hulenga wanawake wenye umri wa kuzaa, yaani miaka 15 hadi 49.

Mwaka 2014 Wizara ya Afya ya Kenya, ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF, iliendesha kampeni ya namna hiyo. Maaskofu wa Kanisa Katoliki wakahoji: mbona wanawake peke yao, na mbona wananchi hawakuelezwa vya kutosha? Kisha wakatangaza kwamba sampuli za chanjo walizopeleka maabara zilikutwa na hCG. Hii ni homoni, yaani kemikali ambayo mwili hutengeneza kupeleka ujumbe, na ndiyo ile inayotafutwa na kile kipimo cha mimba cha duka la dawa. Hofu yao ilikuwa kwamba hCG ikiunganishwa na chanjo, mwili wa mwanamke unaweza kujifunza kuishambulia, na mimba zikawa zinatoka. Kwa kifupi, kwamba wanawake wa Kenya wanafungwa uzazi kwa siri.

Kisa hicho hakikuishia Nairobi. Tovuti za kupinga chanjo za Marekani na Ulaya zilikidaka. Mwaka 2017 kikaandikwa kama makala ya kitaaluma katika jarida la mtandaoni. Septemba mwaka huohuo, katikati ya joto la uchaguzi wa Kenya, mgombea wa upinzani Raila Odinga akakirudia hadharani. Mwaka 2022 kikatengenezewa filamu. Leo ukitafuta habari za chanjo na ugumba hukosi kukutana nacho, na kila anayekileta hukileta kama habari mpya.

Punje ya kweli

Kosa la kwanza tunalofanya tukiletewa habari kama hii ni kuikataa yote kwa pamoja. Nadharia za njama zinazodumu huwa na punje ya kweli ndani yake. Ukiikana punje hiyo, aliyekuletea habari atakuonyesha ushahidi wake na hatakusikiliza tena.

Katika kisa hiki punje ipo, tena si ndogo. Tangu miaka ya 1970 WHO ilisaidia utafiti wa chanjo za kuzuia mimba zilizolenga hCG. Nchini India, G. P. Talwar na wenzake walichapisha mwaka 1994 matokeo ya majaribio yaliyowahusisha wanawake 148. Na ni kweli kwamba katika utafiti wa aina hiyo hCG iliunganishwa na sumu ya pepopunda iliyoondolewa makali, kwa sababu homoni hiyo ikiwa peke yake mwili huiona kuwa yake na hauigusi. Wenye tovuti hawakuyabuni haya. Wanachokiruka ni sehemu iliyobaki: kinga hiyo ilihitaji sindano za kurudiarudia, ilipungua kadiri muda ulivyopita, na wanawake waliweza kushika mimba tena.

Angalia hapo mruko ulipo. "Jambo hili liliwahi kufanyiwa utafiti" si sawa na "jambo hili umefanyiwa wewe kwa siri". Kati ya sentensi hizo mbili panahitajika ushahidi wake wenyewe, na ndipo tovuti nyingi hupaka rangi tu na kusonga mbele.

Tena tuseme wazi: njama za kweli zimewahi kuwepo, na Waafrika na watu wenye asili ya Afrika wameumizwa nazo. Huko Tuskegee, Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, taasisi ya afya ya serikali iliwafuatilia mamia ya wanaume weusi wenye kaswende bila kuwatibu, hata baada ya penisilini kupatikana. Mwaka 1996 kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa ya Trovan kwa watoto wa Kano, Nigeria, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo. Mwaka 2009 ilikubaliana na jimbo la Kano kulipa dola milioni 75. Na Kenya kwenyewe, wanawake wenye virusi vya UKIMWI waliofungwa uzazi bila ridhaa ya kweli walifungua kesi mwaka 2014, mwaka uleule wa kelele za pepopunda, wakisaidiwa na shirika la KELIN. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ikaamua kwamba haki zao zilikiukwa.

Nimeyaweka haya kwa makusudi. Tazama njama za kweli hufichuliwaje. Panakuwa na hospitali yenye jina, tarehe, faili la mgonjwa, shahidi anayesimama kizimbani akahojiwa na upande wa pili, mwandishi wa habari ambaye gazeti lake linaweza kushtakiwa. Kesi ya wale wanawake ilichukua miaka minane, na ilihusu wanawake wachache wanaojulikana wazi na mawakili wao. Madai ya pepopunda yalihusu mamilioni, na miaka yote hiyo hayajawahi kuthibitishwa kwa namna hiyo.

Toka nje ya ukurasa

Mwaka 2017 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Sam Wineburg na Sarah McGrew, walichapisha jaribio ambalo mimi naona lingefaa kufundishwa katika kila shule ya sekondari. Waliwakalisha mbele ya kompyuta watu wa makundi matatu: wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wanafunzi 25 wa Stanford, na wahakiki habari 10, yaani watu ambao kazi yao ya kila siku ni kukagua ukweli wa habari. Wakawapa tovuti mbili za vyama vya madaktari wa watoto wa Marekani. Kimoja kilianzishwa mwaka 1930 na kina makumi ya maelfu ya wanachama. Cha pili ni kikundi kidogo kilichojitenga mwaka 2002, chenye jina linalofanana na la kwanza na tovuti safi yenye nembo na marejeo.

Wahakiki wote 10 walitambua chama cha kuaminika zaidi. Wanahistoria waliopatia walikuwa nusu. Wanafunzi waliopatia walikuwa asilimia 20 tu.

Kilichowatofautisha si akili wala elimu. Wanahistoria na wanafunzi walibaki ndani ya tovuti wakiisoma kwa makini, kuanzia nembo na mpangilio hadi ukurasa wa "Kuhusu sisi". Wahakiki waliitupia jicho mara moja wakatoka, wakafungua kurasa nyingine na kuuliza: watu wengine wanasema nini kuhusu hawa? Hawakuisoma tovuti hiyo hadi walipojua ni ya nani.

Sisi tunaijua mbinu hii tunaponunua kiwanja. Hakuna anayempa mtu hela kwa sababu tu hati yake ina muhuri mzuri. Unamwendea mjumbe wa nyumba kumi, unawauliza majirani, unakwenda ofisi ya ardhi kutafuta jina lililoandikwa huko. Muuzaji tapeli anaweza kughushi hati, lakini hawezi kuwaghushi majirani wote.

Basi turudi kwenye pepopunda na tutoke nje ya ukurasa. Ile makala ya 2017 ilichapishwa wapi? Katika Open Access Library Journal, la mchapishaji anayeitwa Scientific Research Publishing. Tafuta jina la mchapishaji huyo peke yake, bila kuitaja makala, na ndani ya dakika mbili utaona kwamba kwa miaka mingi amekuwa akitajwa miongoni mwa wachapishaji wanaolaumiwa kwa kupokea ada kutoka kwa waandishi huku wakifanya uhakiki hafifu. Jarida la kitaaluma la kweli hupeleka makala kwa wataalamu wengine waipekue kabla haijachapishwa. Jarida la aina hii hujali zaidi malipo. Kwa hiyo maneno "utafiti uliochapishwa" hapo hayana uzito ambao msomaji anadhani.

Na filamu ya 2022? Aliyeiongoza ni Andrew Wakefield, kwa ushirikiano na Children's Health Defense, shirika la Marekani linalojulikana kwa kampeni zake dhidi ya chanjo. Jina la Wakefield nalo litafute peke yake. Mwaka 1998, akiwa daktari Uingereza, alichapisha katika jarida la The Lancet makala kuhusu watoto 12, akidokeza uhusiano kati ya chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na tatizo la usonji. Mwandishi wa habari Brian Deer alikuja kugundua kwamba Wakefield alikuwa akilipwa na wakili aliyekuwa akiandaa kesi dhidi ya watengenezaji wa chanjo hiyo, na kwamba taarifa za watoto katika makala hazikulingana na rekodi zao za hospitali. Mwaka 2010 The Lancet iliifuta makala hiyo, na baraza la madaktari la Uingereza likalifuta jina lake katika orodha ya madaktari.

Hilo peke yake halithibitishi kwamba filamu ni ya uongo. Aliyedanganya jana anaweza kusema kweli leo. Lakini sasa unajua kwamba neno lake halitoshi, na kwamba kila anachodai kinahitaji shahidi mwingine.

Kilichopimwa ni nini?

Hapa pana utamu wa kisa chenyewe, na watu wengi hupapita haraka. Tovuti zinasema "maabara ilithibitisha". Uliza: ilipima nini, kwa kifaa gani?

Vipimo vya mwanzo vya hCG vilifanywa kwa vifaa vilivyotengenezwa kupima damu na mkojo wa binadamu. Chanjo si damu wala mkojo. Ina vihifadhi na chumvi za aluminiamu, vitu vinavyoweza kukivuruga kifaa kikatoa namba isiyo na maana. Namba ikitoka kwenye mashine inaonekana kuwa na heshima, hata kama mashine imelishwa kitu isichokijua.

Kisha ikaundwa kamati ya pamoja ya serikali na Kanisa. Chupa zilizochukuliwa kwenye ghala la serikali hazikuonyesha hCG. Chache zilizoonyesha zilitoka miongoni mwa zile zilizoletwa na upande wa maaskofu. Kila upande ulisoma matokeo hayo kwa namna yake: wa serikali walisema chanjo ni safi, na upande wa pili ukashuku kwamba ghalani zilitolewa chupa safi kwa makusudi. Mhakiki mzuri hapo angeuliza swali lisilo na mvuto wowote: kila chupa ilipitia mikono ya nani, ilihifadhiwa wapi, na nani alishuhudia ikifunguliwa? Bila rekodi hiyo, chupa yenye hCG inathibitisha tu kwamba chupa ile ina hCG. Haisemi iliingiaje.

Watanzania wanaweza kukumbuka kisa cha papai. Mei 2020 Rais John Magufuli alieleza kwamba sampuli za papai, mbuzi na vitu vingine zilipelekwa maabara kwa siri, zikiwa na majina ya watu, na baadhi zikarudi na majibu ya kuwa na virusi vya korona. Yeye mwenyewe alielekeza shaka kwa maabara, wahudumu na vifaa vyake. Tovuti za Ulaya na Marekani zilipoipata hotuba hiyo ziliigeuza kuwa ushahidi kwamba korona haipo duniani kote. Jambo lililosemwa kuhusu maabara moja likavuka bahari likawa hukumu kwa ulimwengu mzima. Ukiona habari ya kwenu imerudi nyumbani ikiwa kubwa kuliko ilivyoondoka, fungua hotuba ya mwanzo uisikilize mwenyewe.

Kama ingekuwa kweli, tungeona nini?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko mengine, kwa sababu halihitaji shahada. Chukua madai yalivyo, kisha ujiulize: kama ni ya kweli, dunia ingeonekanaje?

Kama mamilioni ya wanawake wa Kenya walifungwa uzazi mwaka 2014, basi wodi za wazazi zingekuwa tupu kuanzia 2015. Hazikuwa. Wastani wa watoto kwa mwanamke Kenya ulikuwa karibu 8 mwishoni mwa miaka ya 1970, ukawa 3.9 katika utafiti wa taifa wa 2014 na 3.4 katika ule wa 2022. Unashuka, ndiyo, lakini ulianza kushuka miongo kadhaa kabla ya kampeni, na katika miaka hiyo matumizi ya uzazi wa mpango yalikuwa yakipanda. Hakuna mporomoko wa ghafla. Chanjo ya pepopunda imetolewa pia Tanzania na Uganda kwa miaka mingi, na nenda wodi yoyote ya wazazi ukaone kama kuna vitanda vya kutosha.

*Kwa ufupi hadi hapa:* kubali punje ya kweli, lakini tafuta mruko uko wapi. Jua mwenye ukurasa kwa kuuliza walio nje ya ukurasa. Ukiambiwa "kimepimwa", uliza kwa kifaa gani. Kisha angalia kama dunia inafanana na madai.

Anauza nini?

Kisa cha pepopunda hakina chupa ya kuuzwa, na ndiyo maana ni kigumu. Visa vingi ni rahisi zaidi: teremsha ukurasa hadi chini utakutana na duka.

Mfano wa wazi ni kile kimiminika kinachoitwa Miracle Mineral Solution, kwa kifupi MMS. Kinadaiwa kutibu malaria, UKIMWI, saratani, usonji na karibu kila kitu. Ukikichanganya kama unavyoelekezwa unapata klorini dioksaidi, kemikali inayotumika viwandani kung'arisha karatasi. Yaani unakunywa ndugu yake jiki. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2010 na tena 2019.

Uganda iliguswa moja kwa moja. Mwaka 2013 ilisambazwa video iliyodai kwamba wagonjwa 154 wa malaria huko Luuka walipewa MMS na wote wakapona, huku nembo ya Msalaba Mwekundu ikionekana. Shirikisho la kimataifa la Msalaba Mwekundu lilikana vikali. Mwaka 2019 gazeti la The Guardian la Uingereza likaripoti kwamba mchungaji mmoja wa Marekani alikuwa akiwasambazia wanavijiji wa Uganda kimiminika hicho kupitia wachungaji wa huko, na watoto wadogo wakinyweshwa. Huko Florida, Mark Grenon na wanawe watatu, waliokiuza kwa kivuli cha kanisa lao na kuingiza zaidi ya dola milioni moja, walitiwa hatiani mwaka 2023 na kufungwa.

Ile 154 kwa 154 ingetosha kumshtua mtu. Dawa ya kweli haiponyi kila mtu. Tovuti inayosema dawa yake haijawahi kushindwa hata mara moja imejishitaki yenyewe, na orodha ya maradhi isiyo na uhusiano, kuanzia nguvu za kiume hadi kisukari, inakamilisha mashtaka.

Ushuhuda

Sharti nitue kidogo hapa, kwa sababu ushuhuda una nguvu kwetu kuliko takwimu, na si jambo la kudharau. Jirani aliyepona ni mtu unayemjua.

Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walimiminika kijijini Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila kwa shilingi 500. Foleni ya magari ilikuwa ya kilomita nyingi, na watu walikaa njiani siku kadhaa. Shuhuda zilijaa magazetini na kwenye simu. Tofauti na wale wa Florida, kwa bei ile hakuna aliyeweza kumshtaki mchungaji huyo kwa tamaa. Lakini fikiria nani alishuhudia: aliyerudi akijisikia nafuu. Aliyefia njiani hakuhojiwa. Aliyeacha dawa zake za kufubaza virusi akazidiwa miezi minane baadaye, hakuna aliyerudi na kamera kumuuliza. Ukurasa wa shuhuda ni daftari lililochanwa kurasa za walioshindwa, na ukurasa wa tovuti ni rahisi kuuchana kuliko daftari, maana mwenye tovuti ndiye mwenye kitufe cha kufuta.

Fuata hadi chimbuko

"UKIMWI ulitengenezwa maabara Marekani." Wengi wetu tumelisikia hili tangu utotoni. Chimbuko lake linajulikana. Mwaka 1983 gazeti la Patriot la New Delhi lilichapisha barua isiyo na jina, ikidaiwa kutoka kwa mwanasayansi wa Marekani. Mwaka 1985 gazeti la Kisovieti Literaturnaya Gazeta likainukuu barua hiyo kama chanzo. Kisha magazeti ya nchi nyingi yakalinukuu gazeti hilo la Kisovieti, na kila moja likionekana kuwa shahidi mpya ilhali yote yalikunywa kwenye kisima kimoja. Ilikuwa kazi ya idara ya ujasusi ya Kisovieti, KGB, na mwaka 1992 mkuu wa ujasusi wa Urusi, Yevgeny Primakov, alikiri.

Tena madai yenyewe hayalingani na tarehe: kuna damu iliyochukuliwa Kinshasa mwaka 1959 ambayo baadaye ilikutwa na virusi vya UKIMWI. Mwaka 1959 hakuna maabara duniani iliyokuwa na ujuzi wa kukata na kuunga vinasaba.

Kwa hiyo tovuti kumi zikisema jambo moja, bofya viungo vyao. Kama zote zinaelekezana, au zote zinarudi kwenye video moja, unaye shahidi mmoja mwenye sauti kumi.

Zana zilizo mkononi

Hizi zote ni za bure, na nyingi hazili bando kubwa:

- Soma anwani ya tovuti polepole. Mwisho wa .go.tz au .go.ke hutolewa kwa taasisi za serikali; .com na .org mtu yeyote hununua. Matapeli hupenda kuongeza herufi moja au kistari ndani ya jina maarufu.
- Tafuta jina la tovuti au la daktari likiwa peke yake, ukiongeza neno kama "tapeli", "ashtakiwa" au "afutiwa leseni". Soma wanachosema wengine.
- Picha ya kutisha ibonyeze na kuishikilia, kisha itafute kwa Google Lens. Mara nyingi utaikuta ilipigwa nchi nyingine miaka mingi nyuma.
- Huduma ya Whois huonyesha tovuti ilisajiliwa lini. "Taasisi kongwe ya utafiti" iliyosajiliwa miezi mitatu iliyopita haihitaji maelezo zaidi.
- Kama ni dawa, angalia rejesta ya mamlaka ya nchi yako: TMDA kwa Tanzania, Pharmacy and Poisons Board kwa Kenya, National Drug Authority kwa Uganda.
- Africa Check, PesaCheck na JamiiCheck wana kumbukumbu za habari zilizokwisha hakikiwa. Uzushi hujirudia, kwa hiyo huenda wako ulishajibiwa zamani.

Nao hawa wahakiki si malaika; wasome kwa kanuni zilezile. Wazuri wanakuonyesha nyaraka walizotumia ili uzifungue mwenyewe, na wakikosea wanasahihisha hadharani. Tovuti za njama sijaziona zikifanya hivyo. Zikikosea tarehe ya mwisho wa dunia, zinatangaza nyingine.

Anayekutumia ni shangazi yako

Yote haya ni mepesi kwa tovuti ya mgeni. Ugumu ni pale kiungo kinapofika kwenye kundi la familia, kimetumwa saa kumi na moja alfajiri na mtu aliyekulea. Ukimjibu "huu ni uongo" mbele ya ukoo mzima, umeshamvunjia heshima, na sasa atautetea ule ujumbe hata kama alikuwa hajausoma wote.

Mwandikie pembeni. "Shangazi, shikamoo. Nimeiona ile video ya chanjo. Nimeangalia aliyeitengeneza, nikakuta alifutwa udaktari Uingereza mwaka 2010. Hebu tuangalie pamoja nikija Jumamosi." Hujamwita mjinga. Umempa jambo moja analoweza kulikagua mwenyewe, na umemwachia nafasi ya kuufuta ujumbe bila aibu. Jambo moja linatosha. Ukimrundikia hoja kumi na viungo saba, umefanya kile kile ambacho tovuti ile ilimfanyia.

Ukiona alama ya mishale miwili juu ya ujumbe wa WhatsApp, maana yake umeshapita mikono mingi. Huyo aliyekutumia si mwandishi, wala hamjui mwandishi, kwa hiyo usimhukumu kwa maneno yasiyo yake.

Na kama ameshanunua chupa na ameshaanza kuinywa, acha mambo ya tovuti kwanza. Mwambie asiache dawa zake za presha, kisukari au ARV hata kwa siku moja. Mpeleke hospitali na chupa yenyewe mkononi, pamoja na karatasi iliyokuja nayo, amweleze daktari ameinywa kiasi gani na tangu lini. Bei aliyoinunulia mtaiongea baadaye.